Kanisa la zamani mnataka liwe na maktaba ya wote? Anzieni sakafuni, rafu baadaye

Najua kila mtu anakimbilia rafu. Mnaangalia ule ukuta mrefu wa mawe mnasema hapa tunapanga vitabu mpaka juu, alafu baada ya muda vitabu vina ukungu na ile lipu ya zamani imetobolewa matundu ya skrubu kila mahali, na lipu ya zamani ikishatobolewa ndo basi tena. Naomba msifanye hivyo, inauma sana kuona.

Kuta za makanisa mengi ya zamani zimejengwa kwa chokaa na zinapumua, unyevu unaingia na kutoka. Kwa hiyo kitabu kisigusane na ukuta. Rafu zisimame zenyewe katikati, au kama lazima ziwe pembeni basi acheni nafasi ya kiganja hivi nyuma ili hewa ipite. Na pakiwa na sehemu iliyobanduka msikubali fundi aje na saruji, saruji inafungia maji ndani na jiwe linaanza kumeguka, tafuteni fundi anayejua chokaa. Nunueni kipima unyevu (ni kidude kidogo tu) mkiache ndani mwaka mzima mkiandika namba kila wiki, maana kipindi cha mvua au baridi ni tofauti kabisa na kiangazi. Hewa ikikaa juu ya asilimia 65 kwa muda mrefu ukungu uko njiani, tatueni paa na mifereji kwanza.

Sasa sakafu. Mita moja ya rafu iliyojaa vitabu ni kama kilo 30, rafu ya pande mbili yenye ngazi 6, urefu huo huo wa mita moja, tayari ni kilo 360 kwenye kipande kidogo tu cha sakafu. Marekani mainjinia wanahesabu sakafu iweze kubeba karibu kilo 290 kwa kila mita ya mraba kwenye chumba cha kusomea, ila pale penye rafu zenyewe inafika kama kilo 730. Na chini ya kanisa la zamani huwezi kujua kuna nini, pengine mbao zilizooza, pengine makaburi. Injinia aingie kabla ya seremala, hapo sina mjadala.

Mfano mzuri uko Maastricht, Uholanzi, kanisa la Wadominika lililowekwa wakfu 1294. Siku hizi ni duka la vitabu, na wasanifu wa Merkx+Girod walisimamisha humo rafu kubwa ya chuma ya ghorofa kadhaa, ila wakaiweka upande mmoja tu, upande wa pili ukaachwa wazi kwa hiyo ukiingia bado unauona ule urefu wote wa kanisa. Huko huko Uholanzi, Vught, kanisa la Mt. Petro limekuwa maktaba tangu 2018 na rafu zake zinatembea kwenye reli, zinasukumwa pembeni watu wakitaka ukumbi. Kama kwenu ibada bado zinaendelea mimi ningeiga Vught, hata rafu fupi za magurudumu yenye breki zinatosha.

Vibali msivisahau. Kama jengo linalindwa kisheria, ongeeni na wanaosimamia urithi kabla hamjaagiza hata ubao mmoja. Mkataba wa Venice wa 1964 (mwongozo wa kimataifa wa kutunza majengo ya kale) unasema kabisa kwamba jengo la kale kutumika kwa faida ya jamii ni jambo zuri, mradi mpangilio wake na mapambo yake yasibadilishwe, kwa hiyo nendeni na michoro inayoonyesha kila mlichoongeza kinaweza kutolewa bila kuacha kovu.

Mwanga: jua la kwenye vioo vya rangi linahama siku nzima na linachoma majalada, fuatilieni linapopita. Taa ziwe za mezani, msimwage mwanga dari nzima. Sauti nayo ina kazi, mawe yanarudisha mwangwi na kwaya inaupenda, msomaji haupendi, basi kona ya kusomea iwe kwenye kile kikanisa cha pembeni, mtandike zulia, na anayepiga kinanda aulizwe mapema sio akute mshatandika.

Kabla ya kumuita seremala chukueni maboksi matupu, myapange pale pale rafu zitakapokaa, mbandike tepu sakafuni kuonyesha njia, na myaache miezi miwili mitatu. Ibada zipite, harusi ipite, mtu wa kiti cha magurudumu apite (sentimita 90 ndo kiwango cha chini), na msiba ukitokea muone kama watu sita waliobeba jeneza wanakata kona bila kuligonga. Wakikwama, sogezeni maboksi, bado hamjapoteza hata shilingi.