Linux ya kompyuta kuukuu: anza na RAM, malizia na printa

Tangu Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, hapa Mwanjelwa, Mbeya, naletewa kompyuta ambazo wenyewe wameshaambiwa ni za kutupa. Nyingi ni nzima kabisa. Zinataka tu Linux, yaani mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, inayolingana na umri wake, na inaniuma kuona mtu anaiuza kwa bei ya chuma chakavu mashine ambayo ingemsomeshea mtoto.

Usianze kwa kuuliza Linux ipi ni nzuri. Jua kwanza RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni kiasi gani, na prosesa, ubongo wa mashine, ni ya biti ngapi (32 au 64). Mimi natembea na flashi yenye Linux nyepesi iitwayo antiX 23, ya biti 32, kwa sababu inawaka hata kwenye mashine zilizochoka. Washa mashine kwa flashi hiyo bila kusakinisha chochote, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika free -h, soma chini ya "total"; ila ikionyesha karibu GB 3, RAM halisi huenda ni GB 4 au zaidi, maana mfumo wa biti 32 huenda usiione yote. Kisha andika lscpu na utafute mstari wa "CPU op-mode(s)". Ukikuta 32-bit peke yake, usizunguke sana: Linux iitwayo Lubuntu iliachana na biti 32 mwaka 2019, na nyingine, Debian 13, haina tena kisakinishi cha biti 32. Baki na hiyo antiX.

Ikiwa ni ya biti 64 na RAM ni GB 2, weka Lubuntu au MX Linux yenye Fluxbox. GB 4, Linux Mint ya Xfce (Fluxbox na Xfce ni mionekano myepesi ya skrini). Aliyezoea Windows anaikuta menyu palepale chini kushoto, hasumbuki. Lakini faili lake la kupakua linakaribia GB 3, kwa hiyo panga bando. Likishashuka, lipime kwa amri ya sha256sum, inayotoa namba ya kuonyesha kama faili limeshuka zima, ulinganishe na namba iliyo kwenye tovuti yao, hasa kama umeme au mtandao ulikatika katikati.

Ila mlaji mkubwa wa RAM ni brauza, programu ya kufungulia mtandao. Hata Linux nyepesi namna gani, ukifungua YouTube na kurasa nyingine kumi kwenye GB 2, itaganda. Hela ikipatikana, ongeza RAM, kisha weka SSD, diski isiyo na sehemu ya kuzunguka, badala ya ile ya zamani inayozunguka. Tofauti utaiona siku hiyohiyo.

Halafu kuna kazi ya mwenye mashine. Dada mmoja mwenye steshenari Uyole alitaka kuchapa barua na kuprinti tu. LibreOffice, programu ya bure ya ofisi, ilimtosha, tena ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Lakini kabla sijagusa diski yake nilimwambia, "Dada, niletee na printa." Tuliichomeka mashine ikiwa bado inaendeshwa na flashi, karatasi ikatoka, ndipo nikasakinisha. Printa nyingi za HP hukubali bila shida. Baadhi ya Canon za LBP zinadai dereva (programu ya kuiendesha printa) wa kutafuta. Jaribu na Wi-Fi na sauti hapohapo. Kikigoma kitu, badilisha flashi ujaribu Linux nyingine, hujapoteza chochote.

Vyote vikikubali, nakili picha na nyaraka kwenye diski ya nje, kisha sakinisha. Na kama baadaye brauza inakataa kurasa ikidai si salama, tazama tarehe ya kompyuta kwanza. Ikiwa inarudi nyuma kila ukizima, nunua kibetri cha CR2032 ukibadilishe kwenye bodi.