Kutengeneza patasi kwa springi ya gari

Wadau, kama una grinda na jiko la mkaa nyumbani patasi huhitaji kununua. Nenda Gerezani, pale Dar, kwa wauza chuma chakavu uchukue kipande cha springi bapa, kile chuma kinakubali kukazwa (kufanywa kigumu kwa moto), nondo usihangaike nayo ni laini. Kata umbo kwa grinda, makali yaache na unene kama milimita 1 kwanza maana yakiwa membamba sana yanapinda au kupasuka motoni.

Sasa kazi yenyewe, washa mkaa, puliza na blowa, pasha upande wa makali mpaka sumaku isishike, ongeza moto kidogo tu halafu zamisha kwenye mafuta ya kula yenye uvuguvugu, maji hapana, springi nyingi zinapasuka. Mafuta yanaweza kuwaka so kopo liwe la bati na fanyia nje, sio kibarazani kwa mama mwenye nyumba.

Pitisha tupa, ikiteleza bila kung'ata imekaza. Ila hapo inavunjika kirahisi, kwahiyo weka kwenye oveni nyuzi 200 kwa muda wa saa mbili. Halafu noa taratibu, chovya maji kila mara, makali yakigeuka bluu ushailainisha tena.

Ukimaliza paka oili, kutu ya huku pwani haichelewi.