Kuwaandikisha Watoto Masomo ya Skii Mkiwa Likizoni Ughaibuni: Mwongozo kwa Wazazi wa Mombasa

Mzazi anayepanga kuwapeleka wanawe kwenye milima ya theluji kwa kawaida hukata tiketi za ndege kwanza, akatafuta hoteli, na suala la masomo akaliacha mpaka watakapofika. Ninashauri utaratibu huo upinduliwe, kwa sababu shule ya skii, yaani mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu miguuni, ndiyo inayoamua siku ya kuwasili na hata kijiji cha kufikia. Katika milima ya Alps huko Ulaya, madarasa ya watoto huendeshwa kwa wiki nzima, yakianza Jumapili au Jumatatu na kumalizika karibu na Ijumaa, watoto wakiwa wale wale na mwalimu yule yule. Mtoto anayefika Jumatano huwakuta wenzake wameshajua kusimama na kukata kona, na mzazi hulazimika kumlipia mwalimu wa peke yake, jambo ambalo ni ghali zaidi. Fikeni Jumamosi, mpumzike, na darasa lianze mkiwa mmetulia.

Msimu wa Alps ni Desemba hadi Aprili. Watoto wetu wana bahati ya likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, na wiki za Desemba kabla ya Krismasi ndizo ninazozipendelea, kwa kuwa vikundi huwa vidogo na bei huwa nafuu kuliko wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya. Kwa likizo ya Aprili, chagueni mahali palipo juu sana, mfano Val Thorens nchini Ufaransa, kijiji kilicho mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, ambako theluji hudumu. Anayesafiri Agosti atazame kusini: Afriski, kituo cha skii nchini Lesotho, iko zaidi ya mita 3,000 juu, msimu wake ni Juni hadi Agosti, na hufikiwa kwa barabara kupitia Afrika Kusini, ambayo tangu Januari 2023 inawapokea Wakenya bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka sita ningeanzia Dubai. Shirika la flydubai lilianzisha safari za moja kwa moja kutoka Mombasa Januari 2024, na Ski Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2005 ndani ya Mall of the Emirates, ina miteremko ya theluji, mrefu zaidi ukiwa na mita 400, pamoja na walimu wa watoto. Somo moja au mawili pale yatamwonyesha mzazi iwapo mtoto anaistahimili baridi na viatu vizito, kabla ya kuingia gharama za Ulaya.

Fomu ya kujiandikisha huuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, lugha na kiwango. Mtoto ambaye hajawahi kukanyaga theluji ni mwanagenzi, na mzazi asishawishike kumpandisha kwa sababu ni hodari wa kuogelea au wa baiskeli. Akijifunza haraka, mwalimu mwenyewe atamhamisha. Kuhusu lugha, ulizeni kwa barua pepe ikiwa katika wiki hiyo mahsusi kutakuwa na kikundi cha Kiingereza, na mwalimu mmoja atachukua watoto wasiozidi wangapi. Shule nyingi hupokea watoto kuanzia miaka mitatu au minne, lakini umri huo ni wa michezo ya theluji zaidi kuliko masomo. Kwa mtoto wa pwani aliye chini ya miaka mitano, nusu siku inatosha kabisa.

Suala la chakula lisiachwe kwa kubahatisha. Darasa la siku nzima mara nyingi huambatana na chakula cha mchana, na nyama ya nguruwe ni ya kawaida katika mapishi ya Alps. Familia za Kiislamu ziandike mapema kueleza kwamba mtoto hali nguruwe wala nyama isiyo halali, ziulize kama atapata samaki, mayai au mboga, na zidai jibu la maandishi. Jibu likiwa la kusitasita, chukueni darasa la asubuhi peke yake na mtoto ale nanyi. Jambo jingine ni kwamba Desemba jua huzama mapema huko. Darasa linalomalizika saa kumi humwachia kijana nafasi finyu ya kuswali Alasiri kabla ya Magharibi, kwa hiyo panga mahali pa kuswalia karibu na mteremko.

Msilipe shule pesa zote kabla ya viza kutoka, isipokuwa kama masharti yake yanasema wazi kwamba viza ikikataliwa mtarejeshewa. Maombi ya viza ya Schengen, inayomruhusu mtu kuingia nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka sita hadi kumi na moja, na walio chini ya miaka sita hawalipi. Mtoto huhitaji cheti cha kuzaliwa na idhini ya wazazi. Bima inayotakiwa ni ya angalau euro 30,000, lakini bima nyingi za namna hiyo huiacha nje michezo ya theluji. Someni kila mstari, au mwulizeni wakala kama mtoto aliyevunjika mguu kwenye mteremko atashushwa na kutibiwa kwa gharama ya bima. Italia, tangu Januari 2022, humtaka kila anayeteleza awe na bima ya madhara atakayomsababishia mwingine, na helmeti ni lazima kwa wote, watoto na watu wazima.

Kabla ya kuondoka, pimeni miguu. Viatu vya skii huenda kwa urefu wa wayo kwa sentimita: mtoto asimame juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, nawe uweke alama kwenye ncha ya kidole kirefu zaidi. Mpime pia urefu na uzito, kwa mizani na si kwa kukisia, kwani fundi wa duka la kukodi huvitumia kukaza kifungo kinachokishika kiatu kwenye ubao wa skii. Uzito ukitajwa mkubwa kuliko ulivyo, kifungo hakitafyatuka mtoto anapoanguka, na goti ndilo litakalopinda.

Mavazi si lazima yawe ghali. Mitumba ya Kongowea huwa na majaketi mazito ambayo hapa kwetu hayana wateja wengi. Mwagia maji kidogo kwenye mkono wa jaketi: yakibingirika, jaketi linafaa; yakinywewa, liache. Glavu nunueni mpya, zisizopenyeza maji, na suruali ya jinzi ibaki nyumbani. Soksi ziwe jozi moja tu, ndefu hadi chini ya goti, maana jozi mbili hujikunja ndani ya kiatu na kumchubua mtoto. Skafu inayoning'inia ni hatari kwenye lifti ya kupandia mlimani. Badala yake tumieni kitambaa cha shingo kisicho na ncha. Binti anayevaa hijabu atumie ile nyepesi ya kuvaa kichwani bila pini, ncha zake ziingizwe ndani ya jaketi. Mafuta ya kuzuia jua ni ya watoto wote, weusi wakiwemo, kwa sababu theluji hurudisha mwanga usoni.

Mwambieni mtoto mapema kwamba ataanguka mara nyingi na kwamba hivyo ndivyo kila mtu anavyojifunza. Mwonyesheni pia picha za Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, ambaye aliishindania Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya PyeongChang mwaka 2018.

Asubuhi ya kwanza fikeni robo saa kabla. Mtoto aende msalani kabla ya kuvaa, kwani kumvua nguo zote hizo baadaye ni kazi. Mfukoni awe na kadi yenye jina lake, mzio alionao, jina la hoteli na namba ya simu inayopatikana kweli katika nchi hiyo. Kisha mkabidhini kwa mwalimu na muondoke. Mtoto anayemwona mama ng'ambo ya uzio hulia zaidi. Jioni, toeni sehemu ya ndani ya viatu ikauke, na siku ya mwisho mwombeni mwalimu cheti au kijitabu cha kiwango alichofikia, kwa kuwa shule ijayo itakitaka ili impangie kikundi.