Jinsi ya kupanda Asclepias tuberosa, ua la mbuga lisilotishwa na ukame

Jamani mliopo Iowa, Kansas na Nebraska, mnaolia kila mwaka kwamba kiangazi kinawamalizia maua, pandeni hili. Ni la asili ya mbuga za nyasi za huku huku, rangi ya chungwa inayowaka, mzizi wake unazama chini mno ndo maana jua kali halilibabaishi. Nyuki wanalipenda sana. Na kipepeo monaki, yule anayeruka mpaka milima ya Mexico kukimbia winta, viwavi wake wanakula mimea ya jamii hii tu, ikiisha hana pa kutagia mayai. Mi hilo peke yake linanitosha kulipanda.

Kwanza mahali. Jua la kutwa, udongo usiotuamisha maji, wa kichanga ndo wenyewe. Mbolea achana nayo.

Pili mbegu, hapa ndo wengi wanakwama. Bila kupitia baridi na unyevu nyingi hazioti. Rahisi kabisa panda nje mwezi wa 11, funika na udongo kama nusu sentimita, winta itamaliza kazi. Umechelewa? Chukua tishu ya jikoni, ilowanishe, ikamue isichuruzike, panga mbegu, kunja, tia kwenye mfuko wa plastiki weka kwenye friji, sio friza, siku 30 au zaidi, ukisikia baridi ya kugandisha imeisha ndo upande nje.

Tatu, mwaka wa kwanza mwagilia udongo ukikauka na ng'oa magugu. Maua usiyangojee mapema, kwa mbegu ni mwaka wa pili au wa tatu. Ukishakomaa usiuhamishe, mzizi ukikatika mara nyingi ndo basi tena.

MASWALI

Dada, mwezi wa 5 huu wangu kimya, mengine yote yameshachipua. Umekufa?
– Hapana mpenzi, huu huchelewa kutoka. Usichimbe! Mwakani chomeka kijiti kabla haujakauka ujue ulipo.

Vidukari vya njano vimejaa kwenye shina, nipige dawa?
– Usipige kaka, dawa itaua na viwavi. Geuza majani kwanza, ukiona mayai au kiwavi mwenye mistari myeusi, myeupe na njano paache, pengine pote waondoe vidukari kwa maji ya bomba.

Nina watoto wadogo, una sumu?
– Ukiliwa ndio, wakanye wasitie mdomoni. Na wenye mbuzi au farasi msiupande malishoni.