Una dawa ya zamani unayodhani itasaidia kuacha sigara? Ianzie kwa panya hivi

Wazo lenyewe sio geni, bupropioni ilikuwa dawa ya sonona tu mpaka 1997 Marekani wakaipitisha kusaidia watu kuacha sigara. Kwa hiyo usione aibu kuokota dawa iliyoko sokoni tayari, ila kabla ya panya yeyote kuguswa pata kibali cha kamati ya maadili.

Dozi kwanza. Chukua dozi ya mtu kwa kila kilo, zidisha mara 6.2 (kama ni panya wadogo wa maabara, wale Waingereza wanaita mouse, zidisha 12.3), hapo unapata pa kuanzia tu, maana miili yao inachoma dawa haraka kuliko yetu. Pima dozi tatu hivi na sindano ya kiyeyusho kitupu (maji ya kuchanganyia dawa, bila dawa yenyewe).

Sasa mtambo wenyewe: panya anawekwa katheta (kijimrija chembamba) kwenye mshipa wa shingo, anaachwa apone, halafu anaingia kwenye kisanduku chenye vitufe viwili. Akibonyeza kimoja pampu inamsukumia nikotini, 0.03 mg/kg ndo kawaida, na taa inawaka, kingine hakifanyi kitu. Hiyo 0.03 ni uzito wa nikotini yenyewe sio chumvi yake, ukichanganya hapo dozi inashuka hadi karibu theluthi moja tu ya uliyokusudia, na usisahau kurekebisha pH (kipimo cha uasidi) ya mchanganyiko ifike kama 7.4. Anza na bonyezo moja kwa dozi, panda taratibu mpaka tano, subiri namba zitulie siku kadhaa ndo umpe dawa yako.

Haya, bonyezo zimeshuka, ushaanza kushangilia? Tulia. Panya aliyelewa usingizi habonyezi kitu chochote, na hapa ndo watu wengi wanajidanganya. Chukua panya wengine wanaobonyeza ili wapate chakula, wape dozi ile ile, nao wakishuka basi dawa yako inalemaza tu, haijagusa uraibu. Pima pia wanavyotembea. Afu kuna mtego mwingine ambao mi naona unasahaulika sana, ini: dawa ikizuia nikotini kuvunjwa itakaa kwenye damu muda mrefu na panya ataomba kidogo kwa sababu hiyo tu, kwa hiyo toa damu upime nikotini na kotinini (kinachobaki nikotini ikivunjwa).

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la kurudia, maana mvutaji kuacha anaweza, kazi iko kwenye kutorudi. Zima nikotini na taa mpaka panya akate tamaa na kitufe, kisha washa taa tena na umchome nikotini kidogo. Asiye na dawa atarudi kubonyeza mbio, aliye na dawa je? Mpe dawa kila siku kwa wiki kadhaa sio mara moja tu, mgonjwa naye hamezi kidonge kimoja akamaliza, na weka kundi la varenikilini, dawa inayojulikana tayari ya kuacha sigara, la kulinganisha.

Madume na majike wote wawemo, mgao uwe wa kura, na anayehesabu asijue nani kapewa nini. Katheta zisafishwe kila siku, mwisho zipimwe kama bado zinapitisha, na panya ambaye yake imeziba atolewe kabla hujafungua orodha ya makundi.