Sakafu ya chumba cha boti
Anayetaka kuweka sakafu mpya katika chumba cha boti asishawishike na zulia, kwa sababu chumvi inayobaki kwenye nyuzi zake baada ya maji ya bahari kukauka huendelea kuvuta unyevu wa hewani, zulia likabaki bichi bichi na kunuka. Msaji, yaani mbao ya mtiki, una mafuta yake ya asili na hustahimili maji, ingawa bei yake huumiza. Binafsi naona plaiwudi iliyounganishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini inatosha kabisa, mradi kingo zake zote zipakwe epoksi, yaani gundi inayokauka ikawa ngumu na isiyopitisha maji, pamoja na matundu ya skrubu, kwani maji huanza kupenya hapo. Sakafu yote isigongomewe misumari; vipande kadhaa viachwe vikifunguka, ili ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya boti ambako maji hukusanyika, ifikiwe na kukaushwa.