Likizo ya Kwanza ya Familia Melini: Maandalizi ya Safari ya Mediterania

Familia inayotoka Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa na kutaka kujaribu likizo ya melini kwa mara ya kwanza itafanya vyema kuchagua mzunguko wa siku 7 katika magharibi ya Mediterania, unaoanzia Barcelona au Genoa na kupita katika bandari kama Marseille, Naples na Palermo. Njia hii ina meli nyingi, bandari zake haziko mbali sana moja na nyingine, na miezi ya likizo za shule zetu za katikati ya mwaka huangukia wakati ambao bahari ile kwa kawaida huwa shwari.

Shughulikieni viza kabla ya kulipia chochote kisichorudishwa. Njia inayogusa Hispania, Ufaransa, Italia na Malta pekee haitoki nje ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, lakini meli ikitia gati Tunis huwa mmeshatoka, na kurudi Italia kesho yake kunahitaji viza inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Ombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, kwa nchi mtakayoingilia. Kwa kuwa mzunguko wa meli hugawa siku kwa namna ya kutatanisha, ambatanisheni ratiba ya bandari zote pamoja na saa za kufika na kuondoka. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 ambaye hajafika 12, na aliye chini ya miaka 6 halipiwi. Bima ya safari inayofikia angalau euro 30,000 ni sharti, nayo msiione kuwa karatasi ya ubalozi tu, maana daktari wa melini hutoza ada ambayo humshtua hata mwenye uwezo. Mzazi mmoja akisafiri na watoto peke yake, abebe vyeti vya kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi wa pili.

Bei inayotangazwa ni ya mtu mmoja katika chumba cha watu wawili, na mara nyingi mtoto anayelala katika kitanda cha tatu au cha nne hulipiwa pungufu. Kwa bei hiyo mnapata malazi, milo ya bafe na ya mkahawa mkuu, mabwawa, maonyesho ya jioni na chumba cha michezo ya watoto. Soda, intaneti na ziara za nchi kavu hulipiwa kando, na kampuni nyingi huongeza bakshishi ya kila siku kwa kila kichwa. Fedha taslimu hazitumiki melini. Kila kitu huandikwa katika kadi ya chumba, kwa hiyo ni busara kuifunga kadi ya mtoto isiweze kununua, kabla hajaligundua duka la aiskrimu.

Kuhusu chumba, ushauri wangu ni kuchagua cha sitaha (ghorofa) za chini, katikati ya tezi na omo, yaani kati ya nyuma na mbele ya meli, kwa sababu hapo msukosuko wa meli huwa mdogo. Roshani inapendeza, lakini wazazi wa mtoto mdogo hawatapumzika ikiwapo. Chumba cha ndani kisicho na dirisha ni nafuu na watoto hulala vizuri humo, ingawa mtu mzima hajui kama kumekucha mpaka atazame saa. Wenye mtoto mchanga waulize kwanza umri unaokubaliwa, kwani kampuni nyingi hazipokei aliye chini ya miezi 6, na wenye watoto wa nepi wajue kwamba kwa kawaida hawaruhusiwi mabwawani.

Wanaokula halali pekee waandike ombi lao wakati wa kukata tiketi na kulirudia kwa msimamizi wa mkahawa siku ya kwanza. Kibla nacho hubadilika kadiri meli inavyogeuka. Ramani ya safari inayoonyeshwa katika televisheni ya chumba ni msaada wa kuaminika kuliko dira ya simu, ambayo huvurugwa na chuma cha meli.

Fikeni katika mji wa kuanzia siku moja kabla, maana ndege ikichelewa, meli haingoji. Gatini mizigo mikubwa huchukuliwa na huweza kufika chumbani jioni, hivyo dawa, pasipoti na nguo za kuogelea zikae katika begi la mkononi. Mazoezi ya dharura ni ya lazima kwa kila abiria: baada ya ajali ya Costa Concordia ya Januari 2012, iliyoua watu 32, kanuni za kimataifa zilibadilishwa ili yafanyike kabla meli haijaondoka au mara inapoondoka. Watembezeni watoto hadi kituo chao cha kukusanyikia ili wakijue.

Bandarini ndipo ratiba huanza kuwachosha wasiozoea. Jina la mji katika tangazo halimaanishi kwamba meli inatia gati hapo: bandari ya Roma ni Civitavecchia, zaidi ya saa moja kwa treni nyingi, na ya Florence ni Livorno, ambako safari ni ndefu zaidi. Kwa watoto wadogo ningeiacha Roma kabisa, nibaki melini mabwawa yakiwa hayana watu, kisha nishuke Naples au Palermo, ambako mji unaanzia mlangoni pa bandari. Mkitoka kwa utaratibu wenu wenyewe, rudini saa nzima kabla ya muda uliotangazwa, kwa saa ya meli. Anayechelewa hujigharimia mwenyewe hadi bandari inayofuata, na ni ziara za kampuni pekee zinazosubiriwa.

Simu zote ziwekwe katika hali ya ndegeni mara meli inapong'oa nanga, kwani mtandao wa baharini hupita kwenye setilaiti na gharama yake ni kubwa mno.

Usiku wa mwisho mizigo huwekwa nje ya mlango wa chumba ili ikusanywe, kwa hiyo bakizeni nguo na viatu vya asubuhi, na tiketi ya ndege ya kurudi iwe ya baada ya saa saba mchana.